Swali la Shangazi

Nyumbani kwetu Rombo, mama huwaambia majirani kwamba ninasomea mambo ya tumbo. Darasani tunaita mikrobayomu. Rafiki ninayepanga naye chumba Dar es Salaam amefupisha zaidi; nikirudi jioni huniuliza, "Mavi hayajambo?" Wote watatu wako sahihi. Huu ni mwaka wangu wa pili wa shahada ya uzamili, na kazi yangu ni kupokea makopo madogo ya plastiki yenye kijiko kwenye kifuniko, kuyaandika namba, kuyahifadhi kwenye friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kisha siku nyingine kuchota humo kiasi cha punje ya harage ili nitoe vinasaba vya bakteria waliomo.

Makopo yanatoka kwa wagonjwa wanaosubiri kupigwa kamera ya utumbo mpana. Mimi ndiye ninayewaomba. Nimejifunza kulisema jambo hilo haraka, kwa sauti ya chini, bila kutabasamu sana. Wanawake hucheka kidogo wakaangalia pembeni. Wanaume hutazama ukutani. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akasaini fomu, akapokea kopo, kisha akauliza kama nina bahasha ya kaki ya kulifichia. Tangu siku hiyo ninatembea na bahasha.

Nimeomba choo cha watu wengi nisiowajua. Mtu niliyemjua aliponisogelea na habari hiyo hiyo, sikumwelewa.

Ilikuwa Desemba, wakati Wachaga tunaporudi nyumbani na barabara ya Moshi inajaa magari. Nilikuwa jikoni kwa shangazi, dada yake baba, mwanamke aliyenilea miaka mitatu nilipokuwa nasoma shule ya msingi karibu na kwake. Shangazi anapika mbege. Ndizi zilizoiva zilikuwa zimeshachemshwa na kuachwa zichachuke, uji wa ulezi ulikuwa tayari, na yeye alikuwa akichanganya kwa mwiko mrefu huku akiongea bila kunitazama.

"Hivi mwanangu, hizo mashine zenu zinaweza kujua mtu ana kitu tumboni kabla hakijamuuma?"

Nilifurahi mno. Kwa mara ya kwanza mtu wa nyumbani alikuwa ananiuliza kuhusu utafiti wangu! Nikavuta kigoda nikaanza.

Nilimweleza kwamba ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria kwa matrilioni, na wengi wao ni wapangaji wema. Wanakula nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, na wakishakula wanatoa tindikali iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotanda ukuta wa utumbo. Nikamweleza kuhusu Fusobacterium nucleatum, bakteria ambaye kwa kawaida anaishi mdomoni, kwenye utando wa meno. Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti, moja Canada na jingine Marekani, yalitangaza wakati mmoja kwamba wamemkuta kwa wingi ndani ya vivimbe vya saratani ya utumbo mpana. Amefikaje huko kutoka mdomoni? Ana protini zinazomwezesha kung'ang'ania seli za saratani. Nikamwambia kwamba watu wanatafuta namna ya kutumia alama za bakteria hao kwenye choo ili kuugundua ugonjwa mapema, maana kivimbe kidogo kwenye ukuta wa utumbo, polipi, kwa kawaida huchukua takriban miaka 10 kugeuka saratani. Kikigunduliwa ndani ya muda huo kinakatwa kwa kamera hiyo hiyo, na mtu anarudi nyumbani jioni.

Shangazi alisikiliza yote. Akachota mbege kidogo kwa kata, akaionja, akatema pembeni.

"Na damu?"

"Damu ina kipimo chake," nilisema. "Hicho ni cha kizamani, rahisi tu. Kinatafuta damu iliyojificha kwenye choo, ile isiyoonekana kwa macho. Sisi tunataka kwenda mbele ya hapo, kwa sababu polipi nyingi ndogo hazitoi damu."

"Haya," akasema. Akaniuliza kama nimekula.

Nilikula. Aliniwekea kiburu, ndizi na maharage, sahani ya kumtosha mtu aliyelima kutwa. Nikarudi Dar es Salaam nikiwa nimeridhika na mimi mwenyewe.

Juni baba alipiga simu saa 11 alfajiri. Shangazi alikuwa ameanguka akienda kuchota maji. Hospitalini walipompima walikuta damu yake imepungua vibaya, wakamwongezea chupa mbili, kisha wakaanza kutafuta ilikokuwa inakwenda. Kivimbe kilikuwa sehemu ya chini kabisa ya utumbo mpana. Alikuwa na miaka 52.

Historia yake aliitoa vipande vipande, nyingi akimwambia muuguzi huku mimi nimegeukia dirishani. Alikuwa akiona damu kwa miezi 14. Mwanzoni alidhani ni amiba, akanunua Flagyl duka la dawa. Damu ikapungua, ikarudi, akanunua tena. Alirudia hivyo mara nne. Kisha akaenda zahanati, na huko mtu akamwandikia dawa ya bawasiri bila hata kumlaza kitandani amwangalie. Akaitumia. Aliona aibu kurudi kusema haijasaidia.

Miezi 14 kurudi nyuma kutoka Juni inakupeleka Aprili ya mwaka uliotangulia. Nimeihesabu mara nyingi. Siku ile ya Desemba, alipouliza "na damu?", alikuwa ameshaiona kwa miezi minane.

Mimi nilimjibu kuhusu damu isiyoonekana. Mtu anayeiona damu kwa macho yake hana haja ya kipimo cha damu iliyojificha, wala cha bakteria. Anatakiwa kwenda hospitali achunguzwe kwa kidole na kwa kamera, basi. Jibu hilo lilikuwa na urefu wa sentensi moja, na nilikuwa nalo. Nilikuwa nalijua tangu mwaka wa pili wa shahada ya kwanza.

Ile Flagyl pia ilinisumbua kwa namna yake. Novemba, mwezi mmoja kabla ya siku ile ya jikoni, niliwasilisha mbele ya darasa utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la Science. Watafiti walikuta Fusobacterium hai hata kwenye saratani iliyokwisha kusambaa hadi kwenye ini, yaani bakteria walisafiri pamoja na ugonjwa. Walipopandikiza vivimbe vya namna hiyo kwa panya na kuwapa panya hao metronidazole, vivimbe vilikua polepole zaidi. Metronidazole ndiyo dawa iliyomo ndani ya Flagyl. Nilisimama pale na slaidi zangu nikieleza dawa hiyo kwa panya, wakati shangazi yangu anainunua dukani, rangi ile ile ya njano, kwa tatizo ambalo hakuwa amelitaja kwa mtu. Panya si shangazi, na Flagyl haitibu saratani. Kwake ilichofanya ni kumpa sababu ya kusubiri wiki nyingine.

Walimfanyia upasuaji Agosti. Baba aliuza ndama na sehemu ya miti ya kihamba, maana bima ililipa baadhi tu. Walitoa kivimbe na kipande cha utumbo, na wakamtengenezea njia mpya ya haja upande wa kushoto wa tumbo, inayotoka kwenye mfuko. Akaendelea na dawa za saratani kwa miezi. Kwa mujibu wa takwimu za dunia za mwaka 2022, watu wapatao milioni 1.9 waligunduliwa na saratani ya utumbo mpana mwaka huo, na zaidi ya 900,000 walikufa kwayo. Nilikuwa nimeziandika namba hizo kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko langu la utafiti. Nilizisoma tena nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, nikaona jinsi nilivyozipita haraka ili nifike kwenye bakteria.

Yapo mambo mawili ambayo nilikuwa nayaamini kuhusu ugonjwa huu na nyumbani kwetu, na yote mawili yameyumba.

La kwanza ni kwamba si ugonjwa wetu. Imani hiyo ina mizizi ya heshima. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na akafanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala. Ndiye aliyeeleza saratani ya watoto inayobeba jina lake hadi leo. Baadaye aligeukia choo. Alipima uzito wa choo cha watu wa vijijini Afrika na cha Waingereza, na muda ambao chakula huchukua kupita tumboni, akakuta cha kwetu ni kizito zaidi na hupita haraka zaidi. Mwaka 1971 aliandika kwamba uchache wa saratani ya utumbo mpana Afrika unatokana na nyuzinyuzi kwenye chakula. Wakati huo hakuna aliyekuwa na mashine za kusoma vinasaba vya bakteria, lakini alikuwa karibu na ukweli. Mwaka 2015 watafiti walibadilishana vyakula vya watu 20 wenye asili ya Afrika huko Pittsburgh, Marekani, na watu 20 wa vijijini KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kwa wiki mbili tu. Wamarekani walipokula chakula cha kijijini, butireti iliongezeka na ukuta wa utumbo ukatulia. Waafrika Kusini walipokula nyama na mafuta ya Kimarekani, mambo yakaenda kinyume. Na huku kwetu Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2025 uliwahusisha wanaume 77 wenye afya. Baadhi waliacha chakula cha asili wakala cha kizungu kwa wiki mbili, wengine wakafanya kinyume chake, na kundi jingine likanywa mbege kwa wiki moja. Haukuhusu saratani, ulipima kinga na kemia ya mwili. Waliohamia chakula cha kizungu, damu yao ilionyesha mwili uko kwenye hali ya kupambana, na waliorudi kwenye chakula cha asili au mbege walionyesha utulivu.

Nilipousoma nilimpigia shangazi simu kumwambia mbege yake imeingia kwenye jarida kubwa la kitabibu. Alicheka. Akauliza, "Sasa mbona mimi nimeugua?"

Sikuwa na jibu. Chakula hupunguza uwezekano, hakifungi mlango. Lakini swali lake lilinirudisha kwa Burkitt. Alihesabu wagonjwa waliofika hospitalini. Shangazi alikaa miezi 14 bila kufika, na angeweza kuanguka siku nyingine, mahali pengine, akazikwa kihambani na watu wakasema alipungukiwa damu. Kwenye daftari la Burkitt asingekuwapo. Naamini ugonjwa huu kweli ulikuwa mchache kwetu, na pia naamini kuna watu kama yeye ambao hawakuhesabiwa kwa sababu hakuna aliyewauliza, au aliyeulizwa alianza kuhutubia.

Jambo la pili nililoliamini ni kwamba kipimo kikishapatikana, kazi imekwisha. Ndiyo ndoto ya fani yetu. Mwaka 2017 watafiti wa Hong Kong walionyesha kwamba ukiongeza kipimo cha Fusobacterium kwenye kile cha damu iliyojificha, unawanasa watu wengi zaidi wenye vivimbe vya hatari kuliko kwa damu peke yake. Mwaka 2019 wengine walikusanya tafiti nane zenye choo cha watu 768, wakapata aina 29 za bakteria zinazoongezeka kwa wagonjwa wa saratani, hata kama wanatoka nchi tofauti. Nchi hizo zilikuwa za Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Afrika haikuwamo. Ndiyo maana msimamizi wangu alinipa mada hii: kompyuta iliyofundishwa kwa choo cha watu wanaokula mkate na nyama ya kopo itasemaje ikiletewa choo cha mtu anayekula kiburu? Bakteria wetu wa kawaida si wale wa kawaida kwao. Bado ninaliona kuwa swali zuri, na bado ninalifanyia kazi.

Lakini hata nikilijibu, lazima mtu akubali kushika kopo. Na kabla ya kopo lazima atamke neno.

Baada ya upasuaji daktari aliwaita ndugu. Alisema wenye baba na mama mmoja na shangazi wako kwenye hatari zaidi kuliko watu wengine, na kwamba kila aliyepita miaka 40 apigwe kamera, hata kama haumwi chochote. Wako wanne. Wote wanne waliitikia kwa vichwa. Ikapita miezi saba. Hakuna aliyekwenda.

Baba ana miaka 58. Binti wa Kichaga hamuulizi baba yake habari za chooni, na pengine hakuna binti wa kabila lolote anayefanya hivyo. Pasaka nilimfuata zizini. Alikuwa anamkatia ng'ombe majani ya migomba.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba mama. Umeamka mapema."

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, yakapotea yote.

"Baba, choo chako kikoje?"

Panga lilisimama. Akanitazama kama mtu aliyesikia lugha nyingine.

"Mambo hayo ni ya mtu na Mungu wake."

Nikaangalia chini. Miguuni kwetu palikuwa na kinyesi cha ng'ombe, bado cha moto. Nikasema, "Huyu akibadilisha kinyesi, wewe unajua siku hiyo hiyo. Kikiwa chepesi unajua, kikiwa na kamasi unajua. Mwaka jana uliona damu ukamwita bwana mifugo kabla ya saa nne."

Hakujibu. Alikata majani mengine mawili. Kisha akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika, hadi akashika nguzo ya zizi.

"Kwa hiyo mimi nimekuwa ng'ombe."

"Ng'ombe ana nafuu, baba. Anaangaliwa."

Hakuahidi kitu. Alisema majani yamekwisha, twende tukachukue mengine. Wiki tatu baadaye, nikiwa maabara nimevaa glavu, simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wake, bila nukta kama kawaida yake: "Nimekunywa ile dawa ya kusafisha tumbo nyumba nzima inajua kesho saa mbili".

Walimkuta na polipi mbili ndogo. Zilikatwa papo hapo, zikapelekwa kupimwa, na majibu yalirudi kuwa hazijawa saratani. Alirudi nyumbani jioni, kama nilivyomwambia shangazi Desemba ile kwamba watu hurudi. Alipiga simu usiku, akaongea zaidi kuhusu foleni na nauli kuliko tumbo lake. Kisha akasema wadogo zake wawili wameuliza hospitali gani, na kwamba shangazi yuko hapo, anataka kuongea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia umemfanya kaka yangu ng'ombe."

Tukacheka. Akaniambia amepika mbege wiki hiyo, mara ya kwanza tangu Agosti, debe moja tu, maana mfuko unamsumbua akiinama. Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia vyombo vikioshwa.

"Hivi," akasema, "hizo mashine zenu. Siku hizi zinaona mapema zaidi?"

Nilikuwa na la kusema. Mwaka 2024 watafiti wa Seattle walionyesha kwamba ni tawi moja tu la Fusobacterium, lenye uwezo wa kustahimili asidi ya tumbo, ndilo linalotawala kwenye vivimbe, nalo lilikuwamo kwenye karibu nusu ya vile walivyopima. Ni habari kubwa. Nilikuwa nimeisoma mara tatu na maneno yalikuwa yamefika mdomoni.

"Kwa nini unauliza, shangazi?"

Vyombo vilisimama. Nadhani alimwashiria mtu atoke.

"Nataka kujua kama litarudi," akasema. "Na kuna kitu nimekiona juzi, sijamwambia baba yako."

Nikavuta kiti nikakaa. "Niambie," nikasema. Safari hii nilinyamaza.